Anayefuata kwa Kura

Al-Hay, Jumamosi, 8 Januari

Kwa Mheshimiwa Mbunge, Daktari Wasan Abdul-Zahra,

Assalamu alaikum.

Pongezi zangu zimechelewa, najua. Tulipiga kura vuli na sasa maji ya bomba yanaganda asubuhi. Nilikuwa nameza uchungu. Si jambo dogo kushindwa na msichana uliyemfundisha kemia, tena msichana aliyekuwa akisinzia dawati la nyuma, karibu na hita. Kura mia mbili na kidogo! Ningejua ningekukalisha mbele, ukafaulu vizuri zaidi, ukawa mhandisi ukaenda zako Dubai, nami leo ningekuwa mbunge.

Haya, hongera. Umeshinda kwa haki. Mtu akikuambia nasema vinginevyo, mwambie Mwalimu Ghusun hajawahi kubadilisha alama mtihani ukishasahihishwa.

Sasa soma polepole.

Jiuzulu. Sema unaumwa, sema mama yako anaumwa, sema lolote. Nenda Amman kwa dada yako ukae huko hadi joto lirudi. Spika akishapokea barua yako mambo yatatulia, nawe utarudi kwenye duka lako la dawa kama zamani na watu watakupenda vilevile. Kama moyo wako unakataa hilo, basi angalau usije nyumbani Alhamisi hii. Najua kila Alhamisi unakuja kumwona mama yako. Na wengine wanajua.

Siwezi kuandika zaidi. Usinipigie simu; simu yangu humu ndani huipokea yeyote aliye karibu nayo. Barua hii inaletwa na Mama Jasib, yule anayetuuzia malai ya nyati asubuhi. Mumewe ndiye mwenye teksi ya Baghdad. Ukijibu, jibu kwa njia hiyohiyo.

Mwalimu wako,
Ghusun Jabbar


Baghdad, Jumanne, 11 Januari

Mwalimu,

Wa alaikum salaam.

Nimesoma polepole kama ulivyoamuru. Kisha nimesoma tena nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Kwa hiyo ndivyo mnavyofanya sasa, nyinyi mliogombea kwa Orodha ya Nguzo? Kura zimewakataa, mnamtuma mwalimu wa watu anitishe? Wangekuja wenyewe na ndevu zao ningeelewa. Lakini wewe! Wewe uliyetufundisha kuweka jina letu juu ya karatasi kabla ya kuandika jibu, leo unaniandikia "wengine wanajua" bila kuwataja majina.

Naijua hesabu yenu. Hata mama yangu anaijua. Juzi aliniuliza kwenye simu, "Mwanangu, tulipiga kura tende zikiwa mtini. Serikali iko wapi?"

Nikamwambia, "Mama, lazima kwanza bunge limchague rais."

"Si limchague basi."

"Lazima theluthi mbili ya wabunge wawe wamekaa ukumbini. Wengine wamegoma kuingia."

"Kwani wakiingia watang'atwa?"

"Wakiingia, rais atapatikana. Rais atauita upande wenye wabunge wengi utoe waziri mkuu. Wasioutaka upande huo wanakaa nje ili kikao kisitimie."

"Na dawa za hospitali?"

"Dawa zinangoja bajeti, bajeti inangoja serikali."

"Na serikali inangoja rais, na rais anangoja wanaume wazima waingie mlangoni. Mimi wanangu nilikuwa nawaingiza ndani kwa fagio."

Ndiyo hali yetu, Mwalimu. Nguzo na wenzenu mnahitaji theluthi moja ikae nje, na mmepungukiwa. Mimi si wa kwenu wala si wa wale wengine. Nimeahidi watu wa Al-Hay kwamba kengele ikilia nitaingia na kukaa, na ndivyo nitakavyofanya.

Na Alhamisi nakuja. Nakuja mchana, kwa gari letu jeupe, Shakir akiendesha. Binamu yangu Shakir unamkumbuka, yule uliyemfukuza shuleni kwenu alipokuja kumchungulia dada wa mwenzetu Nahla. Tutapita barabara ya mto, mbele ya nyumba yenu, vioo tumeshusha. Toka uchungulie.

Wasan


Al-Hay, Alhamisi, 13 Januari, asubuhi

Mkaidi wewe!

Jana walikuja wageni kwa kaka yangu. Waliuliza gari lako ni la rangi gani na linapita njia ipi ukitoka Kut. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea chai. Sikutakiwa kusikia, ila mwanamke wa umri wangu akiingia na sinia hawanyamazi, wanamwona kama sehemu ya sinia.

Usipande gari jeupe. Usimpandishe mtu yeyote. Sikutishi, binti yangu, wallahi sikutishi. Mimi ndiye ninayetetemeka. Tazama mwandiko.

G.


Kut, hospitalini, Jumamosi, 15 Januari

Mwalimu,

Barua yako ilinifikia Alhamisi mchana. Alinipa mume wa Mama Jasib mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimepanda teksi yake.

Ndiyo. Nilikuandikia maneno makubwa kuhusu vioo, kisha siku ilipofika nikaingiwa na woga. Nilimwambia Shakir, "Tangulia na gari, mimi nina kikao, nitakuja jioni." Uongo mtupu. Sikumwambia kuhusu barua yako ya kwanza. Nilisema moyoni kwamba kama ni vitisho tu, hakuna litakalotokea, na kama si vitisho, basi mimi simo ndani. Niliwaza "mimi simo ndani", na sikuwaza aliyemo ni nani. Huyo ndiye mbunge wenu.

Tulikuwa tumeshapita Suwaira nilipofungua karatasi yako. Nikampigia Shakir. Simu inalia, hapokei. Nikapiga tena. Abiria wa mbele, mzee mmoja mwenye kuku wawili kwenye kikapu, akaniuliza, "Dada, kuna msiba?" Nikabonyeza namba tena. Mara ya mwisho simu ilipokelewa na mtu mwingine, akasema, "Mwenye simu hii yuko chini," akakata.

Tulimkuta kando ya barabara, karibu na daraja la mfereji. Gari lilikuwa limetobolewa kwa risasi upande wa nyuma, pale ninapokaa mimi. Walipiga kiti changu, Mwalimu. Mbele zilifika chache, zikatosha. Mguu wake wa kulia umevunjwa juu ya goti. Wamemfanyia upasuaji mara mbili. Anahema kwa mashine, na mkewe amekaa sakafuni koridoni ananiita mwanamke mwema kwa kuja haraka.

Polisi wawili wako mlangoni. Kila buti likigonga koridoni najikunja nyuma ya kabati la mashuka. Jana nilijificha pale mtu alipokuja kusoma mita ya umeme.

Uliniambia kweli, nami nikakutukana. Sasa niambie yaliyobaki. Kwa nini mimi? Wabunge ni mia tatu na kitu. Wako wanaopiga kelele kuliko mimi.

Wasan


Al-Hay, Jumatatu, 17 Januari

Binti yangu,

Kwanza Shakir. Mama Jasib anasema amefumbua macho. Alhamdulillahi. Nimelia jikoni huku nakata vitunguu ili kaka yangu asiulize.

Umeuliza kwa nini wewe. Jibu ni mimi.

Unaijua sheria vizuri kuliko ninavyoijua mimi, lakini pengine hukuisoma ukiwa na hofu. Kiti kikiwa wazi, kwa kujiuzulu au kwa kifo, kinakwenda kwa anayefuata kwa kura katika jimbo lilelile. Nani anayefuata Al-Hay? Ghusun Jabbar wa Orodha ya Nguzo. Mbunge wa makelele wa kule Basra akifa, nafasi yake inachukuliwa na mwingine asiyewafaa. Ukifa wewe, naingia mimi, nami nitaambiwa nikae nyumbani siku ya kikao. Kiti chako kinakuwa kiti kitupu cha kwao. Ndiyo maana nilikuambia ujiuzulu. Niliona ni afadhali kiti kije kwangu kwa karatasi.

Ngoja nikuambie nilivyojua. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Kaka yangu Muzahim alikuwa anachokonoa meno. Akaniambia, "Dada, shona abaya mpya."

Nikasema, "Ya nini? Hii ina ubaya gani?"

"Hiyo ni ya darasani. Ushone ya Baghdad."

"Baghdad kuna mtu amekaa kitini, Muzahim."

"Watu huumwa," akasema. "Watu hupata ajali." Kisha akaniomba nimwongezee mchuzi wa bamia. Nikamwongezea. Mkono ulifanya kazi wenyewe.

Unamjua Muzahim wa ofisi, mwenye magari meusi na vijana wenye redio za mkononi. Mimi namjua aliyekuwa akishika mkono wa gauni langu akienda chooni kwa sababu ya giza. Mama alipofariki alikuwa bado hajaanza shule. Nilikataa wachumba kwa ajili yake. Yeye ndiye aliyenishawishi nigombee. "Wewe unaheshimiwa," alisema, "na sheria inataka wanawake." Nilifurahi, Wasan. Nilidhani amenilipa wema wangu.

Hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini tangu Alhamisi ananitazama kidogo zaidi ya kawaida. Jana ameuliza, "Siku hizi tunanunua malai kila siku?" Nikamjibu kwamba daktari ameniambia ninenepe. Alicheka. Sikupenda alivyocheka.

Fanya unaloona. Ukijiuzulu watakuwa wamepata walichotaka, nawe utakuwa hai, na mimi sitakulaumu hata kwa neno moja.

Ghusun


Baghdad, Jumatatu, 24 Januari

Mwalimu wangu,

Wamenihamishia hoteli moja ndani ya eneo la serikali lenye ukuta, na walinzi sita. Walinzi wamelipwa na upande wa pili, wale wanaotaka kikao kitimie. Kila mmoja wao ana tabasamu na anajua ninakula nini. Juzi bwana wao mmoja alinijia na maua, akasema, "Daktari, usiwe na wasiwasi, siku ya kikao tutakuleta wenyewe hadi mlangoni." Nikamwuliza, "Na kama siku hiyo nitaumwa?" Akasema, "Tutakuleta na daktari." Akacheka. Nao hucheka vilevile, Mwalimu. Nimegundua sijui kati ya pande hizi mbili nani nimwogope kwanza.

Kikao kimepangwa Jumatatu, tarehe saba Februari.

Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika. Iko kwenye mkoba pamoja na kitana. Nikifika penye sahihi nawaona wale kina mama wa mtaa wa kinu cha mpunga, waliosimama foleni kwenye mvua na vidole vyao vya wino, wakiniambia, "Usituuze, Wasan." Nikiirudisha mkobani naiona ile mashine ya Shakir.

Shakir amezinduka kabisa. Nilimwambia ukweli wote. Akasema, "Ungeniambia tu. Ningekwenda hivyohivyo, lakini ningekwenda kwa njia ya Numaniya." Akageuza uso ukutani. Baadaye akasema, "Sikuendeshi tena, Wasan. Ndugu tutabaki." Nilitamani anitukane.

Sasa nakuuliza kwa dhati, na unijibu kama ulivyokuwa ukitujibu darasani, bila kutupaka sukari. Nikikupa kiti hiki mkononi, kisafi, hakuna aliyekufa, utakifanyia nini? Ulikitaka. Ungekifaa kuliko mimi. Je, ungeweza kuingia ukumbini kinyume na Muzahim? Ukiniambia ndiyo, leo hii naweka sahihi na kulala usingizi. Sijalala vizuri tangu Kut. Usiku nikiamka nahesabu milango.

Nijibu upesi.

Wasan


Suleimaniya, Jumapili, 6 Februari

Binti yangu Wasan,

Najua umeningoja na umesikia mengi. Mama yako bila shaka ameshakupigia. Lakini midomo ya Al-Hay huongeza chumvi, kwa hiyo pokea kutoka kwangu.

Barua yako ilinikuta Jumatano. Niliisoma bafuni, bomba likiwa wazi. Uliniuliza kama ningeweza kuingia ukumbini kinyume na Muzahim. Jibu ni hapana. Nilikaa ukingoni mwa beseni nikajiona: naingia, nakaa, simu inaita, sauti yake inasema "Dada," nami nasimama natoka. Kwa hiyo nilikitaka kiti, na nisingekifaa. Usinifanye mtakatifu. Iliniuma kuliko siku ya matokeo.

Nikawaza jambo jingine. Wakikuua, wanafaidika kwa sababu mimi ndiye ninayefuata. Nisipokuwa mimi, nani? Niliitafuta orodha ya matokeo. Anayefuata baada yangu ni Mama Nibras, yule mkunga wa mashambani aliyegombea peke yake, bila orodha yoyote. Unamjua. Hamsikilizi mumewe, hamsikilizi sheikh wa ukoo wake, atamsikiliza Muzahim? Wakikuua wewe wakampata yule, watakuwa wamepata hasara.

Alhamisi iliyofuata nilimwambia Muzahim nakwenda Kut kupimwa macho. Nilikwenda na walimu wenzangu wawili wastaafu hadi ofisi ya uchaguzi. Karani alikuwa kijana mpole, akasoma karatasi yangu akasema, "Mama, hakuna kiti kilicho wazi. Unakataa kitu ambacho hujapewa." Nikamwambia, "Mwanangu, nakataa kabla hakijachinjiwa mtu." Alinitazama, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alisoma, akafunga mlango, akauliza nina hakika. Nikamwomba kiti. Nikaweka sahihi nikiwa nimekaa, na kidole gumba juu yake, mbele ya mashahidi. Wakapiga muhuri.

Lakini karatasi peke yake hukaa kabatini, na mtu mwenye magari meusi anaweza kulifungua kabati. Ilibidi mji usikie. Siku ileile kulikuwa na matanga ya Bi Bahija, mwalimu mkuu wetu wa zamani, Mungu amrehemu. Wanawake walijaa nyumba nzima hadi uani. Msomaji wa Kurani alipopumzika anywe chai ya ndimu kavu, nikasimama.

Nilisema, "Kina dada, mnanijua. Nimegombea na nimeshindwa. Kuna watu wanataka kumwondoa Wasan duniani ili mimi niingie mahali pake. Nimekwenda Kut leo nimekataa kwa maandishi. Akifa, akijiuzulu, akitoweka, mimi simo. Niwekeeni ushahidi mbele ya Mungu."

Hakuna aliyelia tena. Jirani yangu akanivuta abaya. "Kaa chini, Mwalimu, utatuletea balaa!"

Nikamwambia, "Balaa nimekula nalo meza moja leo asubuhi."

Bibi mmoja mzee sana, sijui ni wa nani, akasema kwa sauti kutoka pembeni, "Tumesikia." Mwingine akasema, "Tumesikia." Likapita chumba hadi chumba, Wasan, hadi uani, kama wanaitikia dua. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kabla ya hapo ningeweza kudai nimechanganyikiwa kwa msiba.

Sikurudi nyumbani. Mama Jasib alikuwa ameniwekea mumewe nyuma ya nyumba, injini inanguruma. Niliondoka na mkoba wa mkononi na miwani. Kufika Kut simu ikaanza. Muzahim. Muzahim. Muzahim. Niliitupa dirishani tulipopita juu ya bwawa. Njia nzima hadi Kirkuk kila gari jeusi lililotupita nilikuwa nainama kama nimeangusha kitu. Mume wa Mama Jasib akasema, "Mwalimu, ukiinama hivyo ndipo watakapojua." Basi nikakaa wima, nimefumba macho.

Kizuizi cha kuingia jimbo la Wakurdi kilinichukua saa nyingi. Walinzi wa pale wana serikali yao, na bunge lao, na sare yao, na hawamjui Muzahim wala hawataki kumjua. Walinitaka mdhamini. Shilan, tuliyelala naye bweni moja chuoni Baghdad, akaja na mwanawe akaniwekea sahihi. Afisa akaniuliza kwa Kiarabu cha shida, "Umekuja kutembea?" Nikasema, "Nimekuja kutembea." Nchi moja, bendera moja, nami nimesimama mlangoni naomba hifadhi kama mgeni. Lakini nilivyopita lile lango nilitapika kwa nafuu.

Shilan amenipa chumba cha juu. Nimeomba komeo la pili mlangoni.

Kesho ni kikao. Hakuna tena faida ya kukuua, isipokuwa kwa hasira tu. Kwa hiyo kuwa mwangalifu na hasira. Ukiingia au usipoingia, ingia au kataa kwa ajili yako, si kwa ajili ya deni kwangu.

Ghusun

Barua mpe mume wa Mama Jasib; ataikabidhi kwa dereva wa Suleimaniya pale kituoni Baghdad.


Baghdad, Jumamosi, 2 Aprili

Mwalimu wangu,

Nimekaa karibu miezi miwili bila kukuandikia, na si kwa kukusahau. Kila nilipoanza niliona mtu anasoma juu ya bega langu.

Tarehe saba niliingia. Nilipanda ngazi nikiwa nimeshika ukuta, mlinzi mmoja akanidhania naumwa akanipa maji, nikaogopa kuyanywa. Nikakaa. Kengele ililia, wakahesabu vichwa, hatukutimia. Kengele tena, hatukutimia. Spika akafunga kikao. Nilikuwa nimekaa pale nikiwa na hakika kwamba nitakufa kwa ajili ya kikao kile, na kikao chenyewe hakikuwepo.

Na sasa sikiliza yaliyotokea wiki hii. Nguzo na wale mahasimu wao wamepatana. Wamekutana kwenye nyumba ya mmoja wao kando ya Tigris, wakala samaki wa kuchoma, wakagawana wizara hadi mapambazuko. Jumatano ukumbi ulijaa. Wale waliogoma waliingia wakicheka, wakiulizana hali za watoto. Rais akapatikana, na siku ileile akamwita mtu waliyekubaliana ndiye aunde serikali. Yule bwana wa maua alikaa bega kwa bega na kiongozi wa Nguzo. Aliniona, akanipungia mkono.

Jioni yake walinzi wangu waliondolewa. Mkubwa wao akaniambia, "Daktari, hatari imepita." Nikamwuliza imekwenda wapi. Akasema, "Hesabu imebadilika." Basi, Mwalimu. Kura yangu haihitajiki na mtu, kwa hiyo hakuna anayetaka kuniua. Nilitembea peke yangu hadi dukani kununua mkate. Mguu wa Shakir na nyumba yako vimeliwa pamoja na yule samaki.

Shakir anatembea kwa magongo. Amefungua kibanda cha kutengeneza simu, na watoto wa mtaa wanamwita Mbunge. Anawarushia maganda ya machungwa.

Muzahim amepewa nafasi: mshauri wa usalama wa mkoa wetu. Nimeandika nikafuta, nimeandika tena, ni kweli. Wiki iliyopita alikwenda kwa mama yangu. Peke yake, bila vijana. Akakaa kizingitini, akauliza, "Dada yangu yuko wapi?" Mama akamwambia, "Hayupo hapa. Kunywa chai." Akanywa. Akasema, "Mwambie arudi, hakuna atakayemgusa." Mama anasema alikuwa na macho mekundu, na anasema pia kwamba hakuamini hata kidogo. Usirudi.

Sasa nina jambo la kukuuliza. Mbunge ana haki ya kumwuliza waziri swali, naye lazima aje kujibu mbele ya wote, na kamera zikiwa wazi. Nimeandikisha swali kwa waziri wa mambo ya ndani, litasomwa katikati ya mwezi: nani alilipiga risasi gari langu barabara ya Kut, na kwa nini hadi leo hajakamatwa mtu. Ninayoyasema ndani ya ukumbi yana kinga. Hakuna mahakama inayoweza kunishtaki kwa hayo. Risasi ndiyo haijui kinga, lakini hilo tumeshalizoea.

Swali nimeliandika mara mbili. Moja halina jina. Waziri atasimama, atasema uchunguzi unaendelea, atakaa. La pili lina jina la kaka yako, na wageni waliokunywa chai, na siku, na swali la nani amempa kazi ya usalama mtu wa namna hiyo. Hilo hawezi kulikalia.

Lakini ukisikika ushahidi wa chai, kila mtu atajua umetoka kwa nani. Na ni wewe uliyemlea. Nikilitaja, hana dada tena, nawe huna kaka, na Al-Hay hutaiona pengine hadi tufe sote. Sitalitaja bila idhini yako. Ukisema hapana nitasoma lile la kwanza, na wallahi nitakupenda vilevile.

Mwanafunzi wako,
Wasan


Suleimaniya, Jumatano, 6 Aprili

Wasan,

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Shilan amenipandishia chakula mara mbili na kukishusha.

Muzahim amepata namba ya simu ya nyumba hii. Sijui kwa nani. Alipiga juzi. Sauti yake ilikuwa laini kabisa. Alisema chumba changu kiko vilevile, kwamba hata mtandio wangu bado uko msumarini. Alisema, "Njoo nyumbani, dada, nitakuja kukuchukua mwenyewe." Nikamwuliza, "Unajua niko wapi?" Akasema, "Najua." Tena kwa upole uleule. Nilikata simu, na tangu wakati huo sijashuka chini. Kila hatua kwenye ngazi ni yake, hadi Shilan ajitaje.

Nilikuwa nimeanza kuandika hapana. Niliandika kwamba ni mtoto niliyemwogesha. Kisha nikawaza juu ya yule kijana wa ofisi ya Kut aliyenipigia muhuri, na mama yako na chai yake, na bibi aliyesema "tumesikia" bila kujua nani amekaa karibu yake. Wote hao wamejitia hatarini kwa sababu yangu, na sasa mshauri wa usalama ni yeye.

Shilan ananihamisha kesho, sitaandika wapi.

Msomee waziri lile la pili. Taja jina lake lote: Muzahim Jabbar Hatim. Ukifika kwenye wageni na chai, usiseme "shahidi". Sema dada yake, Ghusun, ndiye aliyewamiminia.

Ghusun Jabbar Hatim